Ijumaa Arobaini za Mkaguzi Placide

Harusini, mtu ambaye hakualikwa ana kazi mbili tu: kukaa karibu na nyama, na kucheka wenyeji wanapocheka. Placide Kasongo alikuwa bingwa wa kazi zote mbili. Jumamosi ile, katika ukumbi mmoja wa Likasi, alikuwa amemaliza meza ya ndugu wa bwana harusi na anaielekea ya ndugu wa bibi harusi, aliposikia mwanamke akililia nyumba. Sahani ikamsimama mkononi.

"Nyumba yangu balishakula mara mbili," mwanamke alikuwa anasema. "Ya kwanza alikula cousin wangu. Ya pili nilipatia shemasi wa paroisse, mutu wa Mungu. Na yeye alikula, kisha akaniombea rozari!"

Alikuwa Joëlle Mbuyi, binti wa karani wa zamani wa kiwanda cha Shituru, mtu wa asili ya Kasai. Yeye mwenyewe ni muuguzi huko Liège, Ubelgiji, mwaka wa kumi na nane sasa, na alikuja Likasi likizo ya wiki mbili. Placide alizipokea habari hizi moja moja, kwa heshima, jinsi mtu anavyopokea komunyo. Akafuta mafuta mdomoni, akasogeza kiti.

"Samahani, Maman. Minye nimesikia bila kupenda. Unajua juu ya nini banakula? Hakuna contrôle. Minye niko contrôleur wa projet."

Hadi asubuhi ile alikuwa hajawa. Wiki mbili kabla alikuwa wakala wa ajira, akiwauzia watu kumi na wanne nafasi za ulinzi huko Koni, na wote kumi na wanne walilingoja mbele ya posta lori ambalo bado halijafika mpaka leo. Lakini vyeo vya Placide vilikuwa hivyo: vilimjia ghafla, na yeye hakuwahi kukataa hata kimoja.

Joëlle alimtazama kuanzia kola mpaka viatu. "Muzuri. Basi niambie, contrôleur. Mufuko moja ya ciment, brouette ngapi ya muchanga?"

"Ah, Maman! Njo swali ya kwanza ya système!" Akaanza kueleza système. Akaeleza planning, akaeleza indicateur, akaeleza namna Wachina wanavyojenga barabara, akafika mpaka kwenye piramidi za Misri. Alizungumza robo saa nzima. Namba ya brouette, yale matoroli ya mchanga, haikutajwa.

Joëlle akatabasamu taratibu. "Weye njo mutu nilikuwa natafuta," akasema.

Masharti yake yalikuwa karatasi moja yenye visanduku. Wiki hii msingi, wiki ile madirisha, wiki fulani linteau, yaani boriti ya zege juu ya madirisha, na kadhalika mpaka paa. Kila Ijumaa Placide atume picha za pembe nne za nyumba. Katika kila picha isimame fimbo ya mita mbili iliyopakwa nyekundu na nyeupe, ili urefu wa ukuta usibishaniwe. Tarehe iandikwe kwa chaki kwenye tofali la juu kabisa, na mifuko mitupu ya ciment ipangwe chini. Pesa ya msingi angempa sasa hivi. Gharama za kuta atangulize yeye, atume facture za madai yake, na siku kuta zitakapofika juu Joëlle atakuja mwenyewe kumrudishia zote pamoja na pesa ya mabati, mkononi.

Mkononi! Placide aliwaza facture atakazoandika, akaona usingizi wa Lubumbashi, hoteli yenye mashuka meupe, na mtu wa kumwita patron. Tamaa ikamkaa kifuani kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Pesa ya msingi aliila kwa siku tatu. Alinunua pikipiki nyekundu, na viatu vyeusi vyenye ncha. Siku ya nne alikwenda mtaa wa Panda kuiona parcelle, kile kiwanja alichokabidhiwa na Joëlle. Akakuta mahindi yamemfika kiunoni, na pembeni mwake mama mmoja mnene amekaa kwenye kigoda anakaanga beignet, maandazi ya huko.

"Mama, hii mahindi ni ya nani?"

"Ni ya mwenye kulima," alijibu Mama Colette, hakuinua macho kutoka kwenye mafuta.

Placide alikuwa anatafuta la kusema alipogeuka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ujenzi. Msingi mpya kabisa, zege haijakauka vizuri, mafundi sita, rundo la tofali. Barabara ni ile ile, jirani ni wale wale. Mwizi wa kawaida angehangaika mji mzima kutafuta nyumba ya kupiga picha. Placide aliletewa mlangoni, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Na ile nyumba, mwenyewe ni nani?"

"Iko mbali sana, papa. Hata siku moja hafike hapa," alisema Mama Colette. "Kamata beignet."

Likasi ni mji wa migodi. Mtu akivaa kofia ya njano na gilet yenye mistari inayong'aa, haulizwi kitu, anapishwa. Placide alivitafuta sokoni, vya mitumba, akavuka barabara na fimbo yake ya rangi mbili. Kiongozi wa mafundi, Michée, mtu mrefu asiye na maneno mengi, alimsimamisha.

"Weye ni nani?"

"Weye ni nani, mwenye kuniuliza minye ni nani? Contrôle!"

Michée akatazama ng'ambo, kule kwenye beignet. Kisha akapisha.

Ijumaa tano za kwanza zilikuwa tamu. Placide alisimamisha fimbo, akaandika tarehe, akapiga picha, akaenda kunywa. Joëlle alijibu, "Aksanti, papa Placide," na Placide akaandika facture ya ciment ambayo ingetosha kujenga kanisa. Ijumaa ya sita ikaja sauti nyingine kwenye simu.

"Papa Placide, planning inasema dirisha. Fimbo inasema goti. Kati ya bale babili, nani iko nadanganya?"

Placide akapiga hesabu. Ukuta ukichelewa, Joëlle hatakuja. Joëlle asipokuja, hakuna mabati, hakuna hoteli. Kwa mara ya kwanza alikwenda kwenye ujenzi siku ambayo si Ijumaa, akajibanza nyuma ya mahindi akatazama. Alichokiona kilimuumiza roho. Mafundi walikuwa wanamimina mfuko mmoja wa ciment juu ya brouette saba za mchanga. Saa ya chakula ilipofika, mifuko miwili mizima ikaondoka begani mwa fundi mmoja aitwaye Dodo, ikielekea kona.

Placide akatoka kwenye mahindi mbio, majani yamemganda kwenye kofia.

"Benye wizi! Hamuna haya? Hamuogope Mungu?"

Alikuwa na uchungu wa kweli, wa mtu anayeibiwa kitu ambacho bado hajakiiba. Alimrudisha Dodo na mifuko yake kwa kumshika ukosi. Jioni ile akamtafuta fundi mmoja mstaafu, akamnunulia bia tatu, naye akamfundisha: kwa tofali za ukuta, hata kwa plasta, brouette tatu, basi. Akamfundisha kuangalia timazi, na kukwangua kiungo kati ya tofali kwa msumari. Kikitoka unga, umeibiwa.

Tangu siku hiyo mafundi wa Panda hawakuona amani. Placide alikuwa anafika kabla ya jua kuwachoma. Alihesabu brouette kwa kidole. Mifuko mitupu aliipasua mwenyewe baada ya kuipiga picha, isije ikaletwa tena kesho kama mipya, kwani ujanja huo angeufanya yeye. Hakuna wizi waliouwaza ambao hakuwa ameuwaza kwanza, na pengine vizuri zaidi. Msumari wake uliangusha ukuta wa jikoni mara mbili.

"Huyu contrôleur ni mubaya kuliko mwenye nyumba," alilalamika Dodo.

"Mwenye nyumba iko na huruma," alijibu Michée.

Wiki ya kumi na nane, Dodo na mwenzake Papy hawakuonekana. Walikuwa wamekwenda Kamatanda kuchimba, maana walisikia kuna shimo linatoa madini. Placide alipanda pikipiki nyekundu, akaenda Kamatanda na viatu vya ncha, akasimama juu ya shimo na kuita kama padri anayeita roho kutoka toharani.

"Dodo! Papy! Linteau ya salon iko nabangoja!"

"Tuache, chef! Huku tunapata!"

"Munapata kifo! Shimo haina planning!"

Walitoka, nusu kwa aibu na nusu kwa kuogopa asije akaingia mwenyewe. Akawarudisha Panda wote wawili nyuma ya pikipiki. Ijumaa hiyo Joëlle aliandika: "Muko nafanya kazi muzuri." Placide aliisoma mara nne. Asingekubali hata kwa viboko, lakini ilimpendeza.

Halafu, wiki ya thelathini na mbili, ciment ikaisha. Michée alikaa juu ya brouette iliyopinduliwa.

"Mwenye nyumba hatume tena. Tunamuita, hajibu."

"Nyumba imebakia na mistari sita ya tofali! Sita tu!"

"Njo vile, chef."

Ijumaa mbili zikapita fimbo ikisema neno lile lile. Ya tatu Joëlle akaandika: "Kama linteau ya mwisho haiko mbele ya Pasaka, mabati nitapatia mutu mwingine."

Placide alikaa kwa Mama Colette, hakugusa beignet. Alitazama ukuta, akatazama pikipiki, akatazama ukuta tena. Pikipiki ile alikuwa akiiosha kila asubuhi kabla ya kunawa uso wake. Lakini mbele yake kulikuwa na facture za wiki thelathini, na mabati, mkononi.

"Mama Colette," akasema, "unajua mutu mwenye kuuza... mwenye kununua pikipiki?"

"Najua moja," alisema Mama Colette. "Lakini hatoe bei mingi."

Kweli hakutoa nyingi. Placide aliigeuza yote kuwa ciment, akaisindikiza mwenyewe mpaka Panda, akapanda juu ya mifuko kama kuku anayelalia mayai. Mistari sita ikajengwa. Brouette tatu kwa mfuko, na msumari haukutoa hata chembe.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Hawakusema kama ni siku za kazi. Ijumaa ya arobaini Joëlle aliandika kwamba amefika Lubumbashi, na kesho asubuhi atakuwa Panda.

Placide alifanya matayarisho ya mwisho. Viatu vya ncha alimpa Michée, ili kwa asubuhi moja tu nyumba iwe ya Maman Joëlle na mafundi wawe wa Placide. Kisha akanunua rangi nyekundu kwa senti zake za mwisho, akaandika ukutani jinsi wenye nyumba wote wanavyoandika wakiogopa matapeli: NYUMBA HII HAIUZWE. MWENYEWE NI MAMAN JOËLLE MBUYI. Saa tano atakuwa na pesa. Saa sita atakuwa kwenye basi.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, pikipiki nyekundu iliingia barabarani. Placide aliijua kwa mlio kabla ya kuiona. Michée alikuwa anaendesha, amevaa viatu vya ncha, na nyuma yake alikaa Joëlle.

Joëlle alishuka, akaizunguka nyumba polepole. Akatoa msumari kwenye mkoba, akakwangua kiungo kimoja. Hakikutoka kitu.

"Ukuta muzuri."

"Ni système, Maman."

"Mufuko moja, brouette ngapi?"

"Tatu!" Ilimtoka Placide kabla hajafikiri. "Na muchanga ya mutoni, yenye kuchunga, hapana ile ya udongo! Mutu akikuambia ine, umufukuze!"

Joëlle akacheka mpaka akashika ukuta. "Kwa harusi nilikuuliza, ukanipatia discours. Leo unajua."

"Sasa, Maman... ile maneno ya mabati..."

"Mabati iko njiani. Nilinunua mwenyewe." Akatoa karatasi ya parcelle, akamwonyesha jina na namba. Namba haikuwa ya mahindi. Ilikuwa ya nyumba waliyosimama mbele yake. "Ile ya mahindi ni yangu. Na hii ni yangu. Mama Colette ni mama yangu mudogo. Ciment ni minye nilisimamisha, nione utafanya nini. Pikipiki ni minye nilinunua. Ata hii rangi ya jina yangu, ulinilipia weye. Aksanti."

Placide alitafuta mahali pa kukaa, akapata brouette.

"Nilitumainia bantu bazuri babili, balikula," Joëlle aliendelea, bila hasira. "Mutu muzuri anaamini benzake, anaenda kulala. Nikasema, sasa nitafute mwizi. Mwizi hawezi kulala akiona mwizi mwengine iko nakula chakula yake."

"Kumbe ulinidanganya!" Machozi yalimlenga, na yalikuwa ya kweli. "Miezi tisa! Minye nilikutumainia, Maman!"

"Na minye nilikutumainia. Njo maana nyumba iko."

Kisha akamtolea neno baya kuliko yote. Mahindi ya msimu huu yatavunwa, na pale itajengwa nyumba ya pili. Anataka contrôleur. Mshahara kila mwisho wa mwezi. Pikipiki ataitumia kwa kazi, na jioni ataiacha kwa Mama Colette.

"Kazi?" Placide alisimama. "Ya mushahara? Minye?" Akavua kofia ya njano, akaitupa chini mbele ya beignet, akaondoka na kandambili zake, shingo juu. Alikuwa ametukanwa mambo mengi maishani, lakini mwaminifu hakuwahi kuitwa.

Alifika kona. Nyuma yake chepe lilianza kukwangua. Mafundi walikuwa wanakoroga plasta ya kwanza. Akasikia brouette ikimwagwa. Moja. Mbili. Si yake nyumba, si yake mchanga. Tatu. Akanyanyua mguu aende zake.

Ya nne ikamwagwa.

Placide akafumba macho. Alisimama hivyo kwa muda wa kusali Baba Yetu moja, kisha akageuka na kurudi mbio, kandambili moja ikabaki barabarani.

"Weye Dodo! Hiyo ni brouette ya ngapi?"

Mama Colette aligeuza beignet kwa uma. Kwa mkono wa pili, bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta, alimnyooshea kofia ya njano.