Ombi la Kusamehewa na Mfalme Mbele ya Watazamaji Walewale

Kwa Meneja,
Jukwaa la Wazi la Chini ya Kilima.

Ndugu Meneja,

Natumaini u mzima na jukwaa lako halijanyeshewa. Mimi ni fundi wa makochi, mtu wa sponji na misumari, sina ugomvi na sanaa. Lakini Jumamosi iliyopita nilifukuzwa kwenye ufalme ambao sikuwa raia wake, na hadi leo naishi kama mkimbizi katika karakana yangu mwenyewe.

Tulikuwa wanne: mimi, dada yangu, mumewe Spana ambaye ni fundi bomba na rafiki yangu tangu utotoni, na kinyozi jirani yetu. Mpango ulikuwa tupande kilima asubuhi, tushuke mchana, tutazame mchezo. Wakati wa kushuka niliwapitisha njia ya mkato. Njia ikatuingiza vichakani, vichaka vikatutoa nyuma ya jukwaa lako, na Spana akatokeza mbele ya umati akiwa na fimbo mkononi na blanketi mabegani. Kumbe waigizaji wenu walikuwa wanamsubiri mfalme aliyepotea porini, na mwigizaji wake alikuwa bado chooni, tumbo limemvuruga. Wakapiga magoti. Spana, ambaye kiatu kilikuwa kimemchubua, akaona kiti kizuri, akakaa.

Hapo sina neno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Waziri alimwuliza mfalme ni nani aliyempoteza porini. Lile lilikuwa swali la kuigiza, lilistahili jibu la kuigiza. Spana akajibu ukweli. Alininyooshea fimbo, nami ndiyo kwanza natoka kichakani na kapu la chakula, akasema, "Ni shemeji huyo. Tulimwambia tufuate alama, akajifanya anajua." Hakusita hata kidogo. Hilo limeniuma, Ndugu Meneja, kuliko yote yanayofuata.

2. Mfalme aliamuru nifukuzwe bila kusikilizwa. Nilipojaribu kueleza kwamba alama yenyewe imeinama, watu walicheka, na walinzi wawili wakanibeba juu juu hadi nyuma ya pazia. Huko nilikaa mpaka mchezo ukaisha, ilhali kiti nilikuwa nimekilipia.

3. Dada yangu, tumbo moja na mimi, alishangilia akiwa amesimama. Kinyozi alipiga mbinja.

4. Mtaani sasa naitwa Msaliti. Watu wanajaa mlangoni kunichungulia, nashindwa hata kugonga msumari. Mteja mmoja amechukua kochi lake likiwa bado halina mgongo, akisema hawezi kukalia kazi ya mtu aliyempoteza mfalme. Nikimwomba Spana anisafishie jina, ananijibu kwamba amri ya mfalme haiwezi kutenguliwa na fundi bomba, na anayasema hayo huku anazibua sinki la mama yangu.

Kwa hiyo naomba watazamaji walewale warudishwe, kila mmoja kwenye kiti chake. Yule mama aliyekuwa na mtoto anayelia aje na mtoto huyohuyo, maana naye ni shahidi. Mfalme aketi, anisamehe kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. Hilo likishindikana, naomba ufalme upinduliwe. Niko tayari kuipatia serikali mpya makochi kwa bei ya kuelewana.

Nisalimie waziri, muuza tiketi, wapiga ngoma wote, na hasa yule mlinzi aliyenishika miguu, alikuwa mpole. Mwigizaji wa mfalme mwambie nampa pole ya tumbo.

Ni mimi, kwa heshima na uchungu,
Fundi Makochi, asiye na hatia.

Tanbihi: Barua hii ilichelewa kutumwa. Juzi Spana alikuja karakanani, akapiga magoti kwenye vumbi la mbao, akatangaza mbele ya wateja kwamba sina kosa na kwamba ananipenda kama ndugu. Nililia, sikufichi. Tangu hapo mlangoni hasimami mtu. Watoto wanapita bila kuniita, na leo nzima nimeulizwa bei ya sponji tu. Naomba usimsumbue mfalme kwa huo msamaha. Ila kama Jumamosi atahitaji mtu wa kumfukuza, mimi nafasi ninayo.