Kamera Yangu na Wageni Wake

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka kazini, nimekalia kiti changu cha sebuleni, nimeinuka hapo hapo. Kimebonyea! Na si mbonyeo wangu. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro. Sponji nikiitazama tu najua imekaliwa na mtu wa namna gani. Huyu ni mzito, anaegemea kushoto, na hana haraka ya kuondoka.

Nimemwuliza mke wangu. Amesema, bila kuinua macho kwenye cherehani yake, kwamba mto umezeeka. Nimemwuliza mama mkwe, aliyehamia kwetu macho yalipoanza kumsumbua. Amesema yeye siku hizi haoni vizuri. Swali moja, majibu mawili! Wangejibu sawasawa ningejua wamepanga. Wamejibu tofauti, maana yake wamepanga kwa ustadi zaidi.

Kesho naweka kamera.

Jumanne, 4 Machi

Kazini nimesema jino linauma. Fundi wa kamera amekuja asubuhi. Binti mkimya, ngazi begani. Amefunga moja getini na nyingine sebuleni, juu ya kabati. Familia nimeiambia ile ya sebuleni ni ya kugundua moshi. Mama mkwe ameitazama kwa muda mrefu, kisha akasema moshi wa siku hizi una bahati, umewekewa jicho.

Nilitaka kuiona nyumba yangu kwenye simu nikiwa kazini. Basi Fundi akaanza maneno. Nibadilishe neno la siri lililokuja na kamera kutoka kiwandani, maana linajulikana dunia nzima. Nisifungue mlango wowote kwenye ruta, kile kisanduku chetu cha intaneti, maana ukiufungulia nje, yeyote anaweza kuingia. Yeye angeniwekea njia iliyofungwa pande zote, VPN, anayepita humo ni mwenye ufunguo tu.

Nikamwuliza huo ufunguo unatengenezwa na nani. Akasema yeye ndiye angeanza kuutengeneza, kisha mimi ningeubadilisha. Ahaa! Nimemshukuru, nimemsindikiza hadi barabarani. Ngazi yake ameifuata baadaye.

Kazi nimeimaliza mwenyewe. Kuna bwana mmoja mtandaoni anafundisha bure, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nimefungua mlango wa ruta kama alivyoelekeza. Neno la siri nimeliacha lile lile la kiwandani. Makusudi! Mwizi atajiuliza: mtu makini kama huyu anaweza kuacha neno la kiwandani? Hawezi. Atajaribu mengine hadi achoke.

Jumatano, 5 Machi

NIMEMWONA!

Nilikuwa stoo, nimejibanza katikati ya marobota ya sponji, simu mkononi, sauti nimezima ili meneja asisikie. Baada ya chakula cha mchana geti likafunguka. Akaingia Mstaafu!

Huyu ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mpimaji ardhi aliyestaafu, na mtaa mzima unamwita hivyo. Mimi na yeye hatusalimiani vizuri. Ukuta huo umeingia kwangu futi mbili. Yeye hudai umeingia kwake.

Amepita moja kwa moja hadi sebuleni. Amekalia kiti changu. Ameegemea kushoto! Mama mkwe akamletea chai katika kikombe cha wageni, kile ambacho mimi mwenye nyumba nimekatazwa kukigusa. Kisha wakatoa karata.

Karata? Mpimaji ardhi haji kucheza karata. Anapima! Nimemwona akitazama ukuta, kisha dirisha, kisha ukuta tena. Ananipima kutoka ndani. Na mama mkwe, maskini, anadhani ni mgeni.

Kwa ajili ya kumchunga, nimesaini mzigo bila kuusoma. Hoteli imepokea magodoro ya chekechea. Chekechea imepokea ya maharusi. Meneja amenifokea mbele ya wapakiaji. Nina mambo makubwa zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Jambo la ajabu. Nilikuwa natazama, sauti nimezima kama jana, mara kamera ya sebuleni ikageuka yenyewe. Ikaangalia dirisha, ikarudi, ikatulia juu ya karata za mama mkwe. Mimi sikugusa kitu!

Wakati wa chakula cha jioni mama mkwe akanishukuru. Kwa nini? Kwa kumsaidia kushinda. Alisema karata nyekundu zinamchanganya, kopa na uru anaziona kitu kimoja, lakini leo kila alipotaka kukosea nilimwambia kutoka juu ya kabati: "Mama, hiyo si kopa, ni uru." Akasema sauti yangu ikipita kwenye kile kidude inakuwa na upole ambao mezani hana bahati ya kuusikia.

Mke wangu akanitazama kama alivyonitazama siku aliyokubali posa yangu. Akaniongezea mboga.

Nifanye nini? Nilisema si kitu, mama, ni wajibu.

Lakini ni nani? Nimewaza hadi kichwa kimeuma. Mstaafu mwenyewe? Kwamba anajipangia kushindwa ili aonekane hana hatari? Mtu wa namna hiyo ni hatari sana.

Ijumaa, 7 Machi

Jino tena. Meneja amesema niling'oe au niache kazi.

Nilifika nyumbani mchana. Mke wangu alikuwa ameenda kununua uzi, mama mkwe amelala. Nikapanda juu ya kiti, nikaikazia kamera macho, nikauliza: "Wewe ni nani?"

Ikajibu: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikasema. Imenitoka! Mtu anaingia nyumbani kwangu bila hodi, nami nampokea salamu.

Ni sauti ya kijana. Akasema yuko mbali sana, hanijui, simjui. Alikuwa akizurura mtandaoni akakuta kamera yangu iko wazi kama duka. Akaomba radhi. Alitaka kuondoka siku ile ile, lakini akamwonea huruma bibi na zile karata zake. Akanisihi nifunge mlango wa ruta na nibadilishe neno la siri leo hii. Kisha akasema: "Mzee, siko peke yangu humu. Kuna mwingine. Yeye karata hazimhusu. Anaangalia geti tu, mnatoka saa ngapi na mnarudi saa ngapi."

Nikageuka kutazama geti. Kisha nikashtuka. Kwa nini ananihimiza nibadilishe neno la siri wakati ananitazama? Ili aone ninavyoliandika! Kidogo anipate!

Sikubadilisha kitu. Nimeivisha kamera ya sebuleni soksi. Ile ya getini nimeiacha, maana Mstaafu bado ni wa kuchungwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kwa mfuatano.

Tulimpeleka mama mkwe kliniki ya macho. Mke wangu alikwenda kumshika mkono, mimi nilikwenda kwa sababu siwaamini watu wanaomulika macho ya wengine. Nyumba tuliifunga.

Nikiwa kwenye benchi la kusubiri nikafungua simu. Getini wamesimama wanaume wawili, ovaroli za buluu, kama mafundi wa maji. Wakafungua kufuli kana kwamba ni lao. Nikataka kupiga kelele kupitia kamera. Sikujua inavyofanywa! Kijana wa mbali anajua kuongea kwenye kamera yangu, mimi sijui. Nikabonyeza kila kitu. Nikafanikiwa kupiga picha ya kidole changu.

Wakatoka na cherehani ya mke wangu, wameifunga kwa pazia letu. Juu yake gauni la harusi ya Jumamosi ijayo, linaburuta chini. Hiyo cherehani ndiyo iliyotusomeshea watoto, niseme ukweli. Mshahara wangu ulisaidia.

Hapo akatokea Mstaafu, mkononi ile fito yake ya kupimia, yenye rangi nyekundu na nyeupe. Na hapo intaneti ikakwama! Picha ikaganda. Mstaafu, mkono mmoja juu ya cherehani yetu.

Nikapiga kelele kliniki nzima: "Ni yeye! Nilijua!" Nikawapigia askari, nikawatajia jina, nyumba, hata upande anaoegemea akikaa.

Tulipofika tuliwakuta watu wamejaa. Mstaafu amekaa chini, mgongo kwenye geti letu, mkono wa kulia unaning'inia vibaya. Kwa mkono wa kushoto ameikumbatia cherehani. Wanawake wa mtaa wakasimulia: aliwazuia peke yake, wakamsukuma, akaanguka, lakini hakuiachia, hadi watu wakatoka na wezi wakakimbia.

Mke wangu akapiga magoti, akaanza kulia. Mama mkwe akamtafuta kwa mikono, akaugusa ule mkono, akasema neno ambalo sikulisikia.

Ndipo askari wakafika, pingu tayari, wakauliza mwizi aitwaye Mstaafu ni yupi.

Watu wote wakanigeukia.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani hakuna anayesema nami isipokuwa kuniambia nisogee.

Fundi amekuja, ameitwa na mke wangu. Amechungulia ruta yetu, akanitazama, akaichungulia tena. Amefunga mlango nilioufungua, amesasisha kamera, ameweka ile njia yake iliyofungwa. Ufunguo ameutengeneza kisha mke wangu akaubadilisha, Fundi amegeuka ukutani ili asione. Neno la siri jipya analijua mke wangu peke yake. Nimeliomba. Ameendelea kukunja nguo. Soksi amenirudishia.

Alasiri Mstaafu akaja. Suti, mkono umefungwa kitambaa shingoni, dada yake mkubwa nyuma. Nilijua anakuja kunishtaki. Nikaandaa utetezi.

Dada mtu akasema wamekuja kwa heri. Kaka yake ni mjane kwa muda mrefu, anaomba ridhaa ya kumwoa mama yetu.

Kumbe! Ile chai. Zile karata. Kila mchana! Mke wangu alijua. Mtaa ulijua. Hata yule kijana wa mbali, nadhani, alijua.

Nikamwuliza mama mkwe kwa nini hakuniambia.

"Mwanangu, nilikuogopa," akasema. "Mimi mtu mzima, ndani ya nyumba ya binti yangu, naogopa kucheka kwa sauti. Ungemwuliza amekuja kuiba nini."

Ni kweli, ningemwuliza.

Mstaafu akasema yaliyopita yamepita. Askari walimwachia pale pale, na mmoja wao alimkimbiza hospitali. Kuhusu futi mbili, tusigombane tena. Aruhusiwe tu kutoboa mlango mdogo kwenye ukuta wetu, ili mama aje kwa binti yake wakati wowote bila kuzunguka barabarani.

Nikanyanyuka, nikamwomba msamaha mbele ya wote. Nikampisha kiti changu. Mke wangu akanishika mkono. Tumekunywa chai. Sijawahi kujisikia mwepesi hivi. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine, sitamshuku mtu tena.

Jumatatu, 10 Machi

Mlango?

Nimeamka na neno hilo kichwani. Nimekwenda nalo kazini. Meneja alikuwa akinieleza adhabu yangu, mimi nawaza mlango. Mtu anavunjwa mkono, anasamehe, anaoa, halafu anachoomba ni mlango tu wa kuingilia kwangu? Mpimaji ardhi! Nani anajua kama mkono umevunjika kweli? Nimeona kitambaa, sijaona mfupa.

Na mke wangu, kwa nini anaficha neno la siri?

Jioni nimepitia dukani. Nimenunua kamera ndogo ya kufichwa ndani ya chungu cha maua, itakayotazama pale mlango utakapotobolewa. Muuzaji akanisisitiza nibadilishe neno la siri. Safari hii nimesikiliza, mimi si mjinga. Nimeondoa 1234. Nimeweka 4321.

Muuzaji ameniuliza jina na namba ya nyumba yangu, eti kwa ajili ya risiti. Nimempa ya Mstaafu.