Cheti cha Kuogelea kwa Nadharia

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia wazazi, walezi na wadau wote kwamba bwawa la kuogelea la shule yetu ya kimataifa lilidumu miaka tisa bila kuguswa na mguu wa mtu. Nilipoiandika taarifa hiyo kwenye ubao wa matangazo, mimi, Naibu Mkuu wa Shule anayeshughulikia Vifaa, Shughuli na Taswira, machozi yalinilengalenga.

Wenye midomo yao husema eti vifaa vya shule ni vya kutumiwa. Hao hawajui viwango. Maabara yetu ina hadubini kumi na mbili, zote ndani ya nailoni zake za kiwandani, na wanafunzi huzitazama kupitia dirishani kwa zamu. Piano ina kufuli. Nyasi za uwanja wa mpira ndizo zilizo kwenye picha ya jalada la kijitabu chetu, hazikanyagwi, kwa hiyo timu hufanyia mazoezi kwenye korido, na soksi miguuni. Lugha tunafundisha sita. Kila mtoto anaweza kusema "Karibuni shuleni kwetu" kwa zote sita, kisha ananyamaza kwa adabu.

Kuogelea hufundishwa bwaloni. Watoto hulala kifudifudi juu ya mabenchi na kupiga mikono, mwalimu anapuliza filimbi. Mtaala niliutunga mwenyewe na nikawa wa kwanza kufaulu: cheti cha Kuogelea kwa Nadharia, Daraja la Dhahabu. Tangu tuanze hajazama hata mtoto mmoja.

Doa letu lilikuwa Mama Dawa, anayetia dawa kwenye maji na kuopoa majani kwa wavu mrefu. Jumatatu moja nilimkuta amelowa mpaka nywele.

"Umeingia?"

"Wavu ulizama, mzee. Nikaufuata."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ulikuwa unakwenda chini, mzee. Sikupata nafasi ya kuuliza."

Kanuni ya Sita, niliyoiandika mimi, haina mjadala: atakayelowa ataachishwa kazi, isipokuwa kama alikuwa anaokoa mali iliyoorodheshwa kwenye daftari la vifaa. Nikapekua daftari. Wavu haumo. Aliyesahau kuuandika ni nani, hilo si hoja. Nikampa barua, kikao Ijumaa.

"Mzee, nina watoto watatu. Kazi nyingine sina."

"Hayo yaandike kwenye fomu," nikamwambia. "Nakala tatu."

Akaikunja ile barua, akaitia kwenye mfuko wa aproni.

Alhamisi akaja mkaguzi wa hadhi ya kimataifa, mama mfupi mwenye raba na penseli. Watoto wakamkaribisha kwa lugha sita. Akawauliza wanasoma nini siku hiyo. Wakamjibu, "Karibuni shuleni kwetu." Akaandika kitu.

Tulipofika bwawani akachuchumaa, akachovya kidole.

"Maji mazuri. Nani ataogelea nimwone?"

"Mheshimiwa, sisi tuko kwenye ngazi ya nadharia."

"Basi mwenye cheti cha juu kabisa ni nani?"

Mkuu wa Shule, ambaye kwa miaka tisa alikuwa hajawahi kukitaja cheo changu chote, siku hiyo alikitaja mpaka Taswira.

Nikavua viatu, nikajitupa na suti yangu. Naomba ieleweke kwamba mikono niliipiga kama mtaala unavyoelekeza. Kilichokosekana ni benchi.

Maji niliyakunywa, na dawa ilikuwa ya kutosha. Niliogopa, sifichi, niliogopa kufa. Kisha mkono ukanikamata kola. "Tulia, mzee. Acha kunipiga mateke." Mama Dawa akanikokota hadi ukingoni, huku barua yangu, iliyomtoka mfukoni, ikielea nyuma yetu.

Ijumaa kikao kilikuwa na washtakiwa wawili, wote kwa kosa la kulowa. Shtaka la wavu lilikufa, kwani barua ilikuwa haisomeki tena, nami, mtu wa nakala tatu, nilikuwa nimetoa moja. Akaulizwa Alhamisi aliokoa nini. Daftari likafunguliwa. Ukurasa wa nne, kati ya mashine ya fotokopi na mapazia: Naibu Mkuu wa Shule, mmoja. Nilijiorodhesha mwenyewe mwaka wa kwanza, nionekane ni wa kudumu. Mama Dawa akarudishiwa wavu wake.

"Na wewe," Mkuu akanigeukia, "ulikuwa unaokoa nini?"

"Jina la shule."

Wakapekua daftari zima. Halimo.

Ripoti ya mkaguzi imetutambulia mwalimu mmoja tu wa michezo, yule mwenye wavu. Mimi nitarudishwa kazini siku nitakayovuka bwawa bila benchi. Niko darasa moja na watoto wa miaka sita, na jana wote walivuka. Nilibaki peke yangu majini, na Mama Dawa amesimama ukingoni juu yangu, filimbi shingoni.

"Mwalimu," nikamwita, meno yakigongana, "naomba nishike ukingo kidogo."

"Hayo yaandike kwenye fomu, mzee," akasema. "Nakala tatu."