Mmantsho Apata Plagi Mpya

Jumatatu, 2 Septemba

Arusi ya Gorata ni Jumamosi. Leo Mmantsho kakohoa mara tatu kabla hatujafika hata bomba la maji. Mmantsho ni gari langu, jeusi, kuukuu, silinda sita, na halijapata kuniaibisha. Sawa, limepata. Lakini si mbele ya wakwe.

Gorata ni mtoto wa dada yangu. Baba yake alipofariki alikuwa bado mdogo. Nikamkalisha kiti cha nyuma, nikamwambia siku ya arusi yake atatokea hapo hapo. Hajasahau. Jana kapiga simu: mjomba, kiti changu kipo? Nikasema kipo, nimekipangusa. Uongo. Kuku wanatagia.

Tatizo ni Seabelo, mdogo wa marehemu baba yake. Ana Landikruza jeupe, ndani baridi kama buchani. Anatangaza mji mzima wa Kanye kwamba mwali wa ukoo wao hawezi kusukumwa njiani kama gunia la mtama. Dada kaamua: Ijumaa nilete Mmantsho uani kwake, angurume mpaka chai iishe. Akizima, Landikruza.

Nimefungua plagi zote za injini. Zina weusi kidogo. Basi, mchawi nimeshampata.

Jumanne, 3 Septemba

Lobatse, kwa Mma Seloka wa vipuri. Mwanamke mkavu. Hauzi kitu mpaka akuhoji kama polisi. Bahati mbaya walikuwapo vijana wawili wa magari ya mashindano, makoti yamejaa nembo.

Kauliza gari langu linakwenda mbio au polepole. Kuna plagi za moto na plagi za baridi, kasema. Ya moto ni ya mwendo wa pole, inajichomea masizi yake yenyewe. Ya baridi inataka mbio, ukitambaa nayo inajaa masizi na kufa. Vijana wakageuka kunitazama. Nikasema mbio.

Mma Seloka akanitazama juu ya miwani. Akauliza gari la umri huo linakimbia kwenda wapi, bwana, kwenye mazishi yake? Nikasema mimi ndiye dereva. Vijana wakaguna kwa heshima. Nimetoka na plagi sita za baridi, koili mpya, waya mpya na pointi mpya. Alinikumbusha jambo tena nikiwa mlangoni. Sikulisikia, nilikuwa nawapungia vijana mkono.

Halafu wazo. Wazo zuri kupita kiasi! Jenereta la Seabelo ndilo litakalowasha taa na muziki wa arusi, na linatumia plagi moja tu. Nimechagua plagi yangu ya zamani iliyochoka kuliko zote. Nimeisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa, nimeisawazisha mwanya wake vizuri asishuku, nimeifunga katika karatasi ya plagi mpya. Nimempelekea kama zawadi. Kashukuru mpaka nikaona haya. Kidogo.

Jumatano, 4 Septemba

Nimefunga kila kitu. Nikachanganya waya mbili. Mmantsho kapiga mshindo, mbuzi wa jirani wakavuka ua. Nikazibadilisha, akawaka.

Barabara ya Jwaneng: kapaa! Nimelipita basi. Sijalipita basi tangu Gorata aanze shule. Nikaimba peke yangu.

Kurudi, ng'ombe wamejaa njiani, nikafuata nyuma yao taratibu. Mmantsho akaanza kupiga chafya. Ni harufu ya ng'ombe.

Alhamisi, 5 Septemba

Siwezi kukaa kitako. Nimeosha injini, kwa nini isiwe safi? Maji yasiingie kwenye distributa, nikaifunika kwa kitu cha karibu. Kitu cha karibu kilikuwa koti langu.

Jioni kikao cha wajomba na baba wadogo. Koti linachuruzika, nikaenda bila koti. Mwanamume asiye na koti hasemi mbele ya wazee, hilo hata mtoto anajua. Nikakaa kama kinyago. Seabelo, koti mpaka shingoni, akanisemea. Akapanga kwamba Jumamosi shangazi wote watatangulia kwa miguu wakiimba, na gari la mwali lifuate nyuma yao kwa mwendo wao. Shangazi Mosidi ana goti bovu. Nilitaka kusema gari litangulie, lipae. Nikanyanyua mkono. Mzee mmoja akautazama mkono wenyewe, shati tupu, akaendelea kunusa ugoro.

Ijumaa, 6 Septemba

Mtihani. Nimeingia uani kwa kasi, sikushuka, mguu kwenye mafuta. Injini inapiga kelele, chai inamiminwa. Dada alikunywa vikombe vitatu, makusudi. Akauliza mbona linafoka. Nikasema limefurahi. Mguu ukafa ganzi.

Gorata akaja akakaa kiti cha nyuma, akapapasa ngozi yake, akapata yai. Akacheka mpaka akalia. Nimefaulu.

Jumamosi, 7 Septemba

Tulitoka vizuri. Shangazi mbele na mablanketi yao, vigelegele, Mosidi anachechemea. Sisi nyuma, tunatambaa. Chafya ya kwanza kanisani. Ya pili dukani. Penye kilima, kimya.

Nilizungusha ufunguo mpaka betri ikanuna. Seabelo keshafungua mlango wa Landikruza, kasimama ameushika. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia Gorata ashuke, mwanangu, mjomba ameshindwa.

Hakushuka. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ulisema nitatokea hapa. Nitatokea hapa."

Shangazi Mosidi akafunga blanketi vizuri, akaweka mikono nyuma ya gari. Wakaja wote. Wakabadilisha wimbo, wakasukuma kwa mdundo wake, kilima chote. Seabelo akaacha mlango wake wazi akaja kusukuma naye, na koti lake. Mimi nikashika usukani. Macho yalinitoka maji. Vumbi.

Wakwe wakadhani ndiyo desturi yetu. Wameisifu sana.

Usiku jenereta la Seabelo halikupepesa hata mara moja. Taa, muziki, mpaka majogoo. Akashika kipaza sauti akawaambia wote kwamba ni plagi ya shemeji yake. Nikapigiwa vigelegele. Nikainamia sahani yangu ya seswaa, nyama ya kupondwa.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimefungua plagi. Nyeusi kama tako la chungu. Nimelitafakari jambo hili siku mbili na jibu ni wazi: hazikuwa baridi vya kutosha. Mma Seloka kaniuzia vuguvugu.

Binamu yake Gorata anaolewa Desemba, anataka Mmantsho. Kauliza kama shangazi wanakuja na gari au wanaagizwa kivyao. Watoto wa siku hizi hawana adabu. Kesho Lobatse, nachukua zilizo baridi kuliko zote dukani.

Zile tano za zamani Seabelo kaja kuziomba mwenyewe. Nimezisugua zote, zinang'aa, nimempa. Maskini, kaniita kaka. Safari hii lazima jenereta lake lizime.