Chapati Juu ya Barafu ya Nuf

Jumapili, 2 Novemba

Velma anarudi Kenya Ijumaa ya wiki ijayo. Mkataba umeisha, halas. Tulikuja na ndege moja, ajenti akatugawa airport: yeye Jeddah, mimi Riyadh. Tangu hapo ni simu tu. Bado sijamwambia yaliyo moyoni. Kila nikijaribu naanza kuongea habari ya joto.

Lakini leo nimepata njia. Nuf, binti ya bosi, ana mashindano ya sayansi Jeddah. Watalala Al-Hamra kwa dada ya madam. Hapo hapo Velma anafanya kazi! Wao wataenda na ndege. Barafu ya Nuf ya kuonyesha huko itaenda na gari. Dereva ni mimi!

Jumatatu, 3 Novemba

Nuf anafanyia mazoezi ya maelezo yake kwa gari kwa sababu mimi sijibu. Anasema huko kusini kabisa, chini ya dunia, upepo unapanda mlima, unaacha theluji upande mmoja. Ukishuka upande wa pili umekauka, umekuwa moto. Unayeyusha barafu iliyokaa juu ya bahari. Maji yanajaa kwa nyufa, barafu inapasuka.

Hiyo ni mimi kabisa. Nikamtumia Velma kwa vois. Akauliza kama nimekula. Akasema Danson, dereva wa huko, amejitolea kumbebea mabegi. Danson ana mdomo. Mimi nitakuwa na sayansi.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepika chapati za Velma, nikafunga na foili. Ziwekwe wapi zisipoe? Nyumbani cooler box moja inashika soda baridi kwa matanga na chapati moto kwa harusi. Nikaziweka kwa box ya Nuf, juu ya barafu. Kila kitu kishike chake.

Baada ya Taif nikashuka mlima. Waislamu wanaendelea Makka, sisi wengine tunazungushwa. Nikafungua dirisha. Upepo moto usoni. Nikasema ndio huu! Nilihisi Velma yuko karibu mpaka nikapunguza mwendo.

Al-Hamra tukafungua box. Chapati baridi, zimelowa. Barafu ina madimbwi juu na imepasuka katikati. Wiki mbili Nuf ameigandisha. Akalia. Madam akasema mafi mukh, yaani sina akili. Danson akacheka mpaka akashika geti.

Alhamisi, 6 Novemba

Nuf ameonyesha vipande. Hakushinda.

Velma alitoka kutupa takataka. Amekonda. Akasimama.

"Jeremiah, si useme."

Nikamwambia pole, chapati zililowa.

"Hizo nilikula zote. Sema ile ingine."

Nikamweleza barafu ya bahari inazuia ile ya nchi kavu. Ikivunjika, yote ya nyuma inateleza, hakuna wa kuishika. Ilikuwa karibu sana na kile nilitaka kusema.

Akasema, "Haya. Endesha pole pole." Ndani wakamwita.

Jumamosi, 8 Novemba

Riyadh. Velma ametuma vois. Anasema Ijumaa simu yake itakuwa wazi mpaka apande ndege, na hataki Danson abebe chochote. Anasema niseme neno moja tu, hata likiwa dogo.

Nimeisikiliza mpaka chaji ikaisha.

Nimejua kosa langu. Nilianzia katikati! Bila mlima mtu hawezi kuelewa. Nikamwomba Nuf msamaha, nikamuuliza mlima una urefu gani. Nikarekodi upya, kutoka upepo unaanza kupanda. Dakika tisa. Nimetuma.

Sasa ataelewa.