Mgonjwa Niliyemponya Kagoma

Jumatatu, 14 Julai
Mwanangu Edvina ana mtihani Ijumaa, hospitalini Bukoba mjini. Akifaulu anakuwa bingwa wa kuwarudishia maneno watu walionyang'anywa na ugonjwa wa ubongo. Akishindwa, anasubiri miaka miwili. Hakuna kuandika. Anasimama mbele ya mabingwa watatu, anaeleza habari za mgonjwa wake kwa mdomo mwanzo mpaka mwisho, nao wanamchokonoa kwa maswali. Leo kafanya mazoezi chumbani. Mimi nilikuwa naanika kahawa, karibu kabisa na dirisha lake. Nikasikia yote: mwanamume, miaka sitini na mbili, mkulima wa Kagoma, maneno yalimpotea Pasaka. Nikauliza jina. "Mawe," akaniita mama kwa Kihaya, "jina la mgonjwa ni siri." Sawa. Kagoma nina wifi.

Jumanne, 15 Julai
Wifi hakufikiri hata kidogo. Ni Buberwa huyo, kasema, hajatoa neno tangu Pasaka. Mpango wangu: nimfundishe mpaka aseme vizuri, Ijumaa nimsimamishe mbele ya mabingwa. Watakosa la kuuliza. Mke wake, Elieth, kanipokea vizuri. Anasema mumewe anakula, analima, anampigia ng'ombe mluzi, ila mtu hamsemeshi. Ilianza siku jumuiya iliposali kwao, dakika ile ile Elieth aliposema mbele ya watu kwamba lubisi, pombe ya ndizi anayokamua mumewe, inafaa kuoshea masufuria. Nimeandika siku na saa. Wasomi wanapenda tarehe.

Jumatano, 16 Julai
Nimefundisha tangu asubuhi. Naonyesha ndizi, nasema ndizi. Naonyesha jembe, nasema jembe. Ananitazama kama ng'ombe anavyotazama maandamano ya Ekaristi. Nikamwimbia. Akatoka nje. Edvina kapiga simu analia. Hajala. Kila kitu anakikumbuka, lakini kinamtoka kama mtoto anayekariri katekisimu. Nikamwambia asihofu, mama yupo. Akauliza mama yupo wapi hasa. Nikasema mtandao mbovu.

Alhamisi, 17 Julai
AMESEMA. Saa saba mchana Elieth kaniletea lubisi kwenye kibuyu. Nilikuwa na kiu, nikasema ni tamu kuliko zote nilizokunywa tangu niolewe. Buberwa akageuka. "Rudia." Nikarudia. Akataka nirudie kwa sauti, Elieth asikie. Tangu hapo hajanyamaza. Shimo la kuivishia, nyasi za kukandia, mtama wa kuchachushia. Jua limezama bado yuko kwenye mtama. Elieth kaniuliza pembeni kama naweza kumrudisha alivyokuwa.

Ijumaa, 18 Julai
Mlinzi nilimwambia namleta mgonjwa. Mlinzi gani wa hospitali atakataa hilo? Nikafungua mlango. Edvina kasimama, mabingwa mezani, wa katikati Dakta Sumaiya, mama wa heshima na ushungi wake. Edvina aliponiona, maneno yakamkatika hata yeye. Nikasema, waheshimiwa, mgonjwa mwenyewe huyu hapa, amepona, muulizeni. Hawakupata nafasi. Buberwa alishaanza na shimo la kuivishia.

Edvina akasema kwa sauti ndogo kwamba mtu huyu hajawahi kumwona maishani.

Mgonjwa wa kweli ni mwingine, na Kagoma nzima hakuna aliyeniambia.

Dakta Sumaiya akaweka kalamu chini. "Vizuri. Basi tuambie, binti, huyu naye ana nini?"

Nikamwona mwanangu anabadilika. Akamvutia Buberwa kiti, akamwambia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, kaa." Akamwonyesha saa, kalamu, kitasa, ataje. Akataja. Akampa maagizo matatu kwa mpigo, akayafuata. Akamuuliza alinyamaza lini na kwa nini, akamsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikulifanya. Kisha akawageukia wakubwa: mgonjwa wangu analitafuta neno mpaka jasho linamtoka, halipati. Huyu maneno alikuwa nayo yote, aliyafungia kwa hasira. Ubongo ni mzima. Inayoumwa ni ndoa.

Bingwa mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Dakta Sumaiya akasema asubuhi yote alikuwa akimsikiliza mtu anayekariri, sasa amemwona anayefikiri.

AMEFAULU. Nilipiga vigelegele korido nzima. Edvina kanikumbatia, akaninong'oneza, "Mawe, usiniletee mtu tena. Kabisa." Nikaahidi, nikilia.

Jumatatu, 21 Julai
Nimetafakari. Bila mimi angekariri tu. Leo kaanza kazi ya ubingwa, na wagonjwa waliokuja ni wawili. Mimi nilikwenda Kashozi kuwapelekea masista ndizi. Wa mlangoni nikamsalimia, akatabasamu, akainamisha kichwa. Wa jikoni hivyo hivyo. Bustanini wako saba, hata mmoja hana neno. Maskini, wadogo vile. Mlinzi wao ananiambia wako kwenye mafungo ya kimya mpaka Jumamosi. Nilimhurumia, watu wa karibu na mgonjwa siku zote hutafuta kisingizio. Nimeshakubaliana na mwenye Hiace. Wote tisa, kesho saa mbili asubuhi, mlangoni kwa Edvina.