Vijiti Tisa na Mkono wa Dada

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Dada ameitwa kwenye utafiti. Ana ugonjwa wa neva uitwao MS, mwaka wa tisa sasa. Kinga ya mwili wake, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, imeamua kula ganda la neva zake mwenyewe. Ganda hilo linaitwa mayelini, na pale hospitali kuna daktari anayejaribu dawa mpya ya kulitengeneza. Mimi ni fundi umeme. Nilimweleza daktari kwamba waya uliochunika nimeuona miaka ishirini na miwili, na tiba yake ni utepe mweusi, mizunguko mitatu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniomba niondoke kwenye kiti chake.

Wanataka pia ndugu mmoja mzima wa kulinganishwa na dada. Mmoja tu. Tulikwenda wawili: mimi na mdogo wetu wa mwisho, mwalimu wa michezo, ambaye nyumbani tunamwita Kipyenga kwa sababu hata akiomba chumvi utadhani anaanzisha mbio.

Kipimo chenyewe ni ubao wenye matundu tisa na vijiti tisa. Unavitia kimoja kimoja, unavitoa kimoja kimoja, nesi ameshika saa. Nesi huyo hatabasamu. Nimempachika jina la Sekunde. Kipyenga alitumia sekunde kumi na nane. Mimi ishirini na nne. Kijiti kimoja kiliingia chini ya kabati, nikakifuata, na Sekunde hakusimamisha saa. Dada, mkono wa kulia: arubaini na moja.

Tunarudi baada ya wiki mbili kupimwa tena. Daktari alieleza kwamba vipimo viwili vya dada vikipishana kwa zaidi ya moja ya tano, hawezi kuingia kwenye utafiti. Lazima aanze hali yake ikiwa imetulia, ndipo wajue dawa imefanya nini. Hilo linamhusu dada. Linalonihusu mimi ni Kipyenga.

Jumatano, 5 Machi

Nimetengeneza ubao wangu. Kipande cha mbao kilichobaki kwenye kazi ya juzi, matundu tisa kwa keekee, vijiti kutoka kwenye fimbo ya pazia. Pazia la sebuleni sasa limelala upande. Ishirini na mbili. Ishirini na moja. Ishirini na tatu, lakini hapo mtu alipiga hodi.

Mama watoto alitaka kujua kama sina kazi ya kufanya. Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema sayansi itoke na fimbo yake irudi, au nitoke mimi. Nimeipeleka sayansi kwa dada, nyumba ya tatu kutoka kwetu, nikaiweka kwenye chumba chake cha kushonea.

Dada ni fundi cherehani. Nguo bado anashona, kwa mashine, lakini vifungo ana miaka miwili hajavishona kwa mkono. Sindano inamponyoka. Ana kopo zima la vifungo limekaa tu pale dirishani. Hajawahi kulilalamikia, wala mimi sijawahi kumuuliza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegundua chanzo cha MS.

Nilikuwa nasoma karatasi tulizopewa hospitali. Zinataja urithi kidogo, kukosa jua, sigara, na kirusi kimoja cha homa ya tezi ambacho watu wengi hukipata wakiwa wadogo. Nikakumbuka. Kipyenga alivimba shingo alipokuwa darasa la nne, na nyumbani tulikuwa na kikombe kimoja cha bati. Dada alikinywea. Kesi imekwisha.

Nilipiga simu kutoa taarifa. Akapokea Sekunde. Aliniuliza kama na mimi nilikinywea kikombe hicho. Nikasema ndiyo. Akasema karibu kila mtu mzima anacho kirusi hicho mwilini, mimi nikiwemo, yeye akiwemo, na wengi mno hawaugui chochote. Kwa nini huyu augue na yule asiugue, ndicho wanachohangaika kukitafuta. Nikamwomba hata hivyo aandike jina la Kipyenga mahali. Alikata simu kwa adabu.

Jumapili, 9 Machi

Kumi na saba! Nimempita Kipyenga kwa sekunde nzima. Nilicheza kidogo, nikagonga kopo la vifungo, nikatumia nusu saa kupiga magoti chini ya meza.

Halafu nikagundua jambo. Vijiti nilivyoviacha juzi kwa mstari vilikuwa vimepangwa duara. Dada alicheka, akakiri kwamba kila akimaliza pindo la nguo anajaribu mara moja, mara mbili. Nikashika saa. Thelathini na tatu. Akarudia: thelathini na mbili. Wiki haijafika alikuwa arubaini na moja!

Aliutazama mkono wake kama mgeni aliyefika bila taarifa. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ganda la neva linaweza kujirudia lenyewe bila dawa. Daktari aliwahi kumwambia kwamba mwili hujaribu, na mara nyingine hufanikiwa kidogo. Nikamjibu kama fundi: inawezekana kabisa. Nililia. Nikasingizia vumbi la vitambaa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempangia dada ratiba. Asubuhi, adhuhuri, alasiri, mara kumi kumi. Ameshuka hadi ishirini na nane, na hapo amekwama tangu jana. Mimi kumi na nne.

Kipyenga alipita kumsalimia dada, akauona ubao. Akanivuta uani. Alisema wanafunzi wake wakirudia mtihani uleule wanapata alama nzuri bila kuongeza akili hata kidogo. Akanikumbusha ile moja ya tano. Alisema nimemharibia dada, nimwambie mapema aache. Nikamjibu kwamba wivu unampa mawazo mabaya, ajiandae kwa kumi na nne yangu. Dada sikumwambia kitu. Alikuwa anaimba chumbani, na mimi sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia anaimba.

Jumatatu, 17 Machi

Kumi na tatu. Sekunde aliitikisa saa. Akaleta nyingine. Kumi na tatu tena. Kipyenga, kumi na nane na nusu. Ilikuwa siku tamu, kwa dakika kama kumi.

Dada: ishirini na nane. Daktari aliangalia karatasi ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena. Akasema mkono umebadilika kwa karibu theluthi nzima na mgonjwa hajameza hata kidonge kimoja. Kwa hali hiyo hawezi kumwandikisha. Orodha inafungwa Ijumaa, na kuna mwingine anayesubiri nafasi. Dada akasema labda anapona. Daktari akasema anatamani iwe hivyo. Kipyenga alinitazama, mimi nikatazama feni.

Tulipofika nyumbani dada hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kopo, akatoa kifungo cheupe, akachukua sindano na uzi. Nilikaa naye. Robo saa kutunga uzi. Sindano ilimponyoka mara sita. Kifungo hakikushika. Akaviweka vyote mezani, akasema mkono haujapona, umeujua ubao tu.

Hakunilaumu. Heri angenitukana.

Jumanne, 18 Machi

Mipango ya dharura.

Mpango wa kwanza: dada aombe kupimwa upya, avute muda hadi arubaini. Nilimwonyesha jinsi ya kukohoa katikati. Alikataa. Alisema watu wale wanatafuta kujua kama dawa inafanya kazi au haifanyi. Akiwapa namba ya uongo, kuna mwenzake mwenye mkono kama wake, mahali asipopajua, atakuja kumezeshwa uongo huo. Nikahamia mpango wa pili.

Mpango wa pili: barua kwa daktari, isiyo na jina, kwamba saa za nesi zina betri mbovu, zote mbili. Nimeiandika kwa mkono wa kushoto, nikatia sahihi "Mpenda Sayansi". Nimeidondosha mwenyewe mapokezi nikiwa nimevaa kofia. Hakuna aliyenitambua isipokuwa mlinzi, aliyeniuliza hali ya dada.

Alhamisi, 20 Machi

Dada alikuja mapema, ubao wangu ukiwa kwenye mfuko, akasema twende. Sikuuliza wapi.

Aliuweka mezani kwa daktari, akaeleza yote: ubao, ratiba, sindano, kifungo. Hakusema wazo lilikuwa la nani. Daktari na Sekunde walinigeukia kwa pamoja. Barua yangu ilikuwepo mezani pia. Nilikuwa nimeiandika nyuma ya karatasi yangu ya kazi, yenye jina, namba ya simu na picha ya balbu.

Nilingoja kufukuzwa. Lakini daktari alikuwa anazungumza na dada, akimuuliza amekwama kwenye ishirini na nane tangu lini. Dada akafungua daftari lake la vipimo vya wateja. Kiuno, mabega, urefu wa mkono, kisha kurasa tatu za sekunde tupu. Ameandika kila zamu, kila siku. Tangu Jumatano ya wiki jana: ishirini na nane, ishirini na saba, ishirini na nane, bila kuyumba. Sekunde akampima pale pale, mara mbili. Ishirini na nane, ishirini na nane. Na kwa mara ya kwanza nikamwona Sekunde anatabasamu, si kwangu.

Daktari alisema mazoezi yamefika mwisho wake. Hii sasa ndiyo namba ya kweli ya mkono huu, na ikibadilika huko mbele, hakuna atakayeusingizia ubao. Atawaandikia wasimamizi wa utafiti ukweli wote na kuwaomba wapokee vipimo vipya. Hakuahidi kitu. Dada alishukuru, akafunga daftari, na nje mlangoni akanishika mkono ili asiyumbe.

Ijumaa, 21 Machi

Wamekubali! Dada ameingia. Tena kuanzia sasa kila mgonjwa mpya atafanyishwa mazoezi ya ubao kwanza, hadi namba itulie, ndipo aandikwe. Kwa maneno mengine, nimeuboresha utafiti. Sijaona popote nikishukuriwa.

Mimi nimetolewa. Amechukuliwa Kipyenga. Daktari alisema siwezi kulinganishwa na mtu yeyote. Nimelitafakari neno hilo mchana kutwa, nimeamua ni sifa. Ubao wangu Sekunde ameuzuia.

Jumatatu, 24 Machi

Dada amepewa chupa yake. Miezi sita atameza kidonge kila asubuhi. Baadhi ya wagonjwa wamepewa dawa, wengine vidonge vitupu vinavyofanana navyo, na hakuna anayejua nani ana kipi. Si dada, si Sekunde, si daktari mwenyewe. Nilidhani wananitania. Kila mwezi chupa inarudishwa na vilivyobaki vinahesabiwa kimoja kimoja.

Daktari alisema huenda dawa isitengeneze ganda lolote. Dada akamjibu kwamba basi hilo nalo litajulikana, na wengine hawatapoteza miaka kulisubiri. Akanigeukia. Alitaka niahidi kutoingiza mkono wangu tena kwenye jambo hili. Niliahidi, mkono kifuani, mbele ya Kipyenga, na nilimaanisha.

Jumatano, 26 Machi

Kazi haiendi. Leo nimefunga soketi mbili kichwa chini. Mtu anamezaje kitu miezi sita bila kujua kama ni dawa? Mimi hata balbu siigusi kabla sijapima waya. Na dawa ya kweli ni chungu, hilo halihitaji utafiti. Ncha ya ulimi tu. Kidonge kingefutwa na kurudi kwenye chupa, hesabu ileile.

Dada alikuwa uani anaanua nguo. Chupa iko kwenye droo ya cherehani. Nikafungua. Juu ya vidonge palikuwa na karatasi iliyokunjwa, mwandiko wake, ule unaopinda siku hizi: "Mdogo wangu, nimevihesabu. Usionje."

Nilikaa chini. Niliona aibu, nakiri. Ndani ya droo, pembeni, kulikuwa na kitambaa chakavu chenye kifungo kimoja cheupe, kimeshikiliwa na nyuzi mbili, na chini yake tarehe ya juzi kwa chaki. Mbele yake amechora viduara sita vitupu, kimoja kwa kila mwezi unaokuja. Hicho ndicho kipimo chake yeye. Mara moja kwa mwezi, bila mazoezi. Nilikiangalia kitambaa kile kwa muda mrefu, nikakirudisha kama nilivyokikuta.

Halafu nikaisoma karatasi tena. Imesema nisionje. Haikusema nisinuse.

Nimenusa. Sikupata chochote. Lakini pua yangu imeharibiwa na vumbi la kuta za watu. Kipyenga ana pua nzuri, tangu utoto. Kesho namleta.